Mchukuzi wa Taa Naye Ana Haki



Wengine watauliza, watu wa reli ya Butere wana nini na filamu? Tunalo neno. Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005, hutumia fedha ya serikali, yaani kodi yetu. Basi mchukuzi wa taa na mvuta nyaya wasifanywe vibarua wa siku kwa fedha hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akitimiza mwezi mfululizo ahesabiwe wa mshahara wa mwezi. Akiachishwa, apewe notisi ya siku 28. Wengi wetu tulikuwa vibarua kabla ya kuingia reli, twaijua jioni ya kuambiwa, "Kesho usije." Twataka tume isitoe hata senti kabla ya kuona mikataba ya wote, hata mpika chai.