Udongo wa Ruiru na Data Zisizo na Mwenyewe

Acarbose ni dawa ya kisukari ambayo kampuni ya Bayer imeiuza kwa zaidi ya miongo mitatu. Hutengenezwa na bakteria, na asili ya bakteria huyo, aliyepewa jina la SE50, ni udongo uliochotwa katika shamba la kahawa huko Ruiru, karibu na Nairobi. Wapo wanaharakati wanaotaka tudai mrabaha wa dawa hiyo mahakamani. Hasira yao naielewa, lakini kesi yenyewe ni dhaifu. Udongo huo uliondoka nchini kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai kuanza kutumika mwishoni mwa 1993, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, haihukumu yaliyotangulia.

Linalopasa kutukosesha usingizi ni jingine. Mwaka 2012 mfuatano kamili wa jenomu ya SE50/110, aina iliyotokana na bakteria huyo, ulichapishwa ukiwa na herufi zipatazo milioni 9.2. Leo mtafiti yeyote mwenye intaneti aweza kuupakua, akazichambua jeni zinazounda dawa, asihitaji kukanyaga Ruiru wala kumwomba mtu kibali. Kanuni zetu za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki zilimwazia mtu anayetoka uwanja wa ndege na mfuko wa udongo. Mali yenyewe sasa hupita kwa baruapepe.

Na wanaoituma ni sisi, wahadhiri na wanafunzi wetu.

Tazama jinsi utafiti wa mitishamba unavyohifadhiwa katika vyuo vyetu vingi. Kibali cha NEMA kimo katika faili ofisini. Jina la mganga aliyeuonyesha mti limo katika daftari la mwanafunzi wa uzamifu. Jani kavu limo kabatini, lebo imefifia. Matokeo ya maabara yamo katika kipakatalishi ambacho mwanafunzi ataondoka nacho siku ya kuhitimu. Hakuna nambari moja inayoviunganisha vitu hivyo vinne. Mkataba wa kuhamisha sampuli, ukiwapo, hutaja gramu za magome ya muthiga yatakayosafirishwa na kunyamaza kimya kuhusu data zitakazozalishwa kutokana nayo: nani ataziweka katika hifadhi ya umma, lini, na kwa kutaja asili gani. Mshirika wa ng'ambo hahitaji kuiba chochote hapo. Tumemwachia mlango wazi, tena tukamshukuru kwa kutuweka katika orodha ya waandishi.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba huu ni urasimu uliobuniwa kuwachosha watafiti. Nusu ya lalamiko hilo ni haki. Kumzungusha mwanafunzi kati ya NACOSTI, NEMA, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na serikali ya kaunti, kila ofisi ikidai nakala zile zile, ni kumwadhibu anayetii sheria, na watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanajua hivyo kuliko mimi. Lakini kutunza kumbukumbu za sampuli hakungoji muhuri wa ofisi yoyote. Ni kazi ya maabara yenyewe.

Isitoshe, uzembe huo una gharama. Kanuni namba 511 ya mwaka 2014 ya Umoja wa Ulaya inamtaka anayetumia rasilimali za kijenetiki zinazoangukia chini ya Itifaki athibitishe kwamba zilipatikana kihalali, na ahifadhi taarifa hizo kwa miaka 20 baada ya matumizi kukoma. Kampuni yenye wanasheria makini haitagusa kemikali isiyo na karatasi, hata kama inaua vimelea vya malaria kwa namna ya ajabu. Miaka mitano ya jasho la mwanafunzi inageuka kuwa makala moja ya jarida, basi.

Wengine wametia matumaini yao katika Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, ambao unazitarajia kampuni kubwa zinazonufaika na mifuatano ya kidijitali kutoa asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Ni hatua njema, ila mchango wenyewe ni wa hiari. Sioni busara ya kuusubiri ilhali kalamu ya kuandika masharti ya mkataba imo mikononi mwetu kabla jani halijaondoka.

Kuna pia kosa la kinyume, nalo linaniudhi zaidi. Yale yanayopaswa kuunganishwa tunayatawanya, na yale yanayopaswa kufichwa tunayaanika. Jina la mganga, kijiji chake, na mahali hasa mti adimu ulipo huambatishwa mwishoni mwa makala kwa jina la uwazi wa sayansi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mzee huyo kama inavyomlinda mteja wa benki, na ile ya 2016 kuhusu maarifa asilia inailinda jamii yake. Wangapi kati yetu tumemweleza, kwa lugha anayoielewa, kwamba maneno yake yatasomwa na kompyuta za Basel na Boston?

India ilipofanikiwa mwaka 1997 kufutisha hataza ya Marekani juu ya manjano kuponya vidonda, ilishinda kwa kuweka mezani maandishi ya kale yaliyothibitisha matumizi hayo. Baadaye ikajenga maktaba ya kidijitali ya maarifa yake ya tiba, ikaifungulia ofisi za hataza kwa masharti ya usiri.

Sisi tunaweza kuanza na jambo dogo. Bodi za masomo ya uzamili, ambazo hurudisha tasnifu kwa sababu ya upana wa pambizo, ziirudishe pia ile isiyotaja nambari ya kibali, nambari ya sampuli katika hebaria, na mahali data ghafi zilipohifadhiwa chuoni. Zianze na wanafunzi watakaosajiliwa muhula ujao.