Mapenzi ya Kaunta: Shujaa, Dada wa Mapokezi na Pointi 2,000

Haya basi, leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuongee mapenzi. Msicheke.

Kama wewe hutazama anime ama husoma zile riwaya nyepesi za Kijapani, hadithi hii unaijua kabla sijaisimulia. Kuna mji wenye ukuta. Ndani ya mji kuna chama cha mashujaa, na ndani ya chama kuna kaunta. Mashujaa wenyewe ni watu wa kibarua: wanapanga foleni, wanachukua kazi ya kuua zimwi, wakirudi wanalipwa. Nyuma ya kaunta kuna dada wa mapokezi, nadhifu, mpole, si mtu wa maneno mengi. Kijana mmoja kwenye foleni amempenda hadi ulimi umekuwa mzito. Anachukua kazi asizozihitaji, mradi tu fomu yake ipigwe muhuri na dada huyo.

Hadithi hizi nazipenda, sitakataa. Lakini kuna kitu kinanikera, na nadhani ni kwa sababu ya kazi ninayofanya. Nyingi zimeazima mantiki yake kutoka kwa michezo ya kompyuta, na huko mapenzi ni namba tu.

Chukua Stardew Valley, mchezo ambao Eric Barone aliutengeneza peke yake akautoa 2016. Emily huhudumu kwenye baa ya kijiji jioni. Ukimsemesha unapata pointi 20 kwa siku. Ukimpa zawadi anayoipenda sana, mfano jiwe la amethisto, unapata 80, na unaruhusiwa zawadi 2 kwa wiki. Pointi 250 ni moyo mmoja. Mioyo 8 ikijaa unampa shada la maua, naye analipokea. Piga hesabu: 2,000 gawanya kwa 300. Wiki ya 7 umemaliza kazi. Ukimpa shada kabla ya hapo anakataa, ndiyo, lakini "hapana" yake maana yake ni "bado hujafikisha". Na mawe yote hayo unaweza kumkabidhi akiwa zamu, mahali ambapo hawezi kukukimbia.

Simlaumu Barone. Mchezo wake ni wa kilimo na lazima mapenzi yahesabiwe kwa njia fulani. Shida ni pale waandishi wa hadithi wanapoichukua hesabu hiyo kama maelezo ya jinsi wanawake walivyo.

Wengine wameligundua tatizo. Kwenye Goblin Slayer, riwaya ya Kumo Kagyu iliyoanza kutoka 2016, mambo yamegeuzwa: dada wa mapokezi ndiye anayempenda shujaa, na shujaa hawazi chochote ila kuua goblini. Inachekesha halafu inauma, maana ni yeye huyo dada anayempa zile kazi zinazoweza kumrudisha akiwa maiti. Anatabasamu, anampa karatasi, anangoja.

Lakini iliyonifanya niandike leo ni ile ya Mato Kousaka ambayo Wajapani huiita kwa kifupi Girumasu. Kitabu kilitoka 2021, anime ikaonyeshwa kuanzia Januari 2025. Alina Clover alichagua kazi ya mapokezi kwa sababu ni salama na mtu anaenda nyumbani mapema. Zimwi kubwa likishindikana, foleni inarefuka, makaratasi yanajaa, ovataimu inaanza. Kwa hivyo anajificha uso, anachukua nyundo kubwa na kwenda kuliua mwenyewe. Kazi yake haimruhusu kibarua cha pembeni, akijulikana atafukuzwa. Jade Scrade, mbeba ngao na kiongozi wa kikosi kikali kuliko vyote, anaigundua siri. Anataka ajiunge nao, na ni wazi kwamba moyo wake nao umo. Alina hataki. Anataka kufunga saa za kazi aende zake.

Nilicheka sana. Ila tazama Jade ameshika nini mkononi: ajira ya yule anayempenda. Hadithi inaweza kuligeuza jambo hilo kuwa kichekesho kwa sababu Alina ana nyundo. Dada wa kawaida hana nyundo.

Na si Japani ya kubuni pekee. Oktoba 2024 baraza la jiji la Tokyo lilipitisha sheria ya kuwakinga wafanyakazi dhidi ya wateja wanaowasumbua, ikaanza tarehe 1 Aprili 2025. Haina faini, lakini kuna mtu aliona haja ya kuiandika. Hapa kwetu, dada wa duka la kutoa pesa kwa simu anaambiwa "umependeza leo" mara ngapi kabla ya saa sita? Anacheka, kwa sababu kucheka ni sehemu ya kazi. Kichwani mwa mteja tayari ni +20.

Mimi ningeandika mchezo wa aina hii hivi: tabasamu la kaunta lirudishe sifuri. Pointi, kama lazima ziwepo, zianze siku ya mapumziko, sokoni, na dada ndiye aanzishe mazungumzo. Akikataa, jibu lihifadhiwe na libaki hapo hata kijana arudi na gunia zima la amethisto. Utaniuliza nani atacheza mchezo usioweza kushinda. Nami nakuuliza, huyo kijana anatetemeka kwa nini? Kwa sababu hajui jibu. Mwekee pointi na hana sababu ya kutetemeka, anamalizia mkopo tu. Utamu wote wa hadithi umo kwenye ile aibu.

Akiambiwa hapana, kesho yake bado anahitaji kazi. Arudi foleni, achukue fomu, ipigwe muhuri, aende akaue zimwi lake, na dada asiogope kumwona. Nina wikendi mbili nikiiandika sehemu hiyo. Kwa sasa shujaa wangu anafika kaunta, anasema "habari ya asubuhi", halafu anasimama hapo kama mlingoti.