Maganda yanahesabiwa, vichwa je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mlango wa mbele wa nyumba yetu hapa Morogoro haujajibamiza tangu nikiwa mtoto. Mzee alichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata vipande na kuvigongomea kwenye fremu kuanzia juu hadi chini, ili upepo ukija mlango ujifunge kimya. Madirisha nayo vivyo hivyo. Watoto wa jirani walitucheka kwamba tunalala kwa fundi baiskeli.

Mzee alikuwa mpiga mizinga. Alivuka Mutukula kuingia Uganda katika vita ya Kagera mwaka 1979 akiwa kijana, akarudi salama, akaendelea kufundisha wapigaji wapya mpaka akastaafu. Sikio la kushoto halisikii. Usingizi anauvizia. Kuna siku anatoka sokoni na mfuko wa nyanya mkononi, anasimama kwenye kona aliyoipita miaka 30 na hajui akunje upande gani. Hasira zake zinakuja bila hodi, zikiondoka anabaki ameinamisha kichwa kama aliyefanya kosa asilolijua. Habari ya sikio tuliielewa zamani. Hayo mengine mtaa ulikuwa na majibu yake: uzee, pombe (ambayo hajawahi kuionja), au kuna mtu alimfanyia kitu huko Uganda.

Sikuandikii kudai kwamba mizinga ndiyo iliyomfikisha hapo. Hakuna daktari atakayelithibitisha hilo leo, na umri una mambo yake. Nakuandikia kwa sababu ya jibu alilonipa siku nilipomuuliza amepiga makombora mangapi maishani mwake. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nijulie wapi? Sisi tulikuwa tunahesabu maganda."

Wanajeshi watanielewa mara moja. Baada ya mazoezi ya shabaha maganda hukusanywa, huhesabiwa, hurudishwa. Likipungua moja, hakuna kulala. Mzinga wenyewe nao, katika majeshi yote yanayojua kazi yake, una daftari linaloandikwa makombora yaliyopita mdomoni, kwa sababu mtutu una umri wake na ukizidishiwa unachakaa, shabaha inapotea. Ila yule anayesimama hatua mbili kutoka kwenye mtutu, akiupakia na kuvuta kamba, miaka kumi, kumi na mitano, daftari lake liko wapi? Kama kwetu lipo, nitaomba radhi hadharani na barua hii utaitupa kapuni.

Tulizoea kufikiri kwamba mlipuko unaomdhuru askari ni ule wa adui. Bomu la kutegwa barabarani, kombora lililoangukia handaki. Kumbe silaha yake mwenyewe inampiga kila anapoifyatua. Mshindo tunaousikia ni sehemu tu ya kinachotokea. Hewa iliyosukumwa ghafla inakwenda kama ukuta, inapita mwilini na kwenye fuvu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Waliokuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, au Gongo la Mboto usiku wa 16 Februari 2011, maghala ya mabomu ya jeshi yalipolipuka, hawahitaji kufundishwa hewa inavyoweza kusukuma. Mizinga mingi ina kifaa mdomoni mwa mtutu kinachogeuza gesi kurudi pembeni na nyuma ili kupunguza teke. Teke linapungua kweli, lakini gesi ile inaelekezwa waliko wapigaji. Silaha za begani hutoa moto kwa nyuma, na zikipigwa karibu na ukuta wimbi linarudi na kumpiga aliyefyatua. Kwenye mota, mpakiaji anadondosha bomu na kuinama, kichwa kikiwa jirani na bomba, halafu anainuka kuchukua jingine. Vizuia masikio vinaokoa usikivu. Fuvu haliwekewi kizibo.

(Wazazi wenye vijana JKT wasishtuke. Bunduki ya kawaida wanayofundishiwa haimo katika habari hii. Ninachozungumzia ni mizinga, mota, silaha za begani, mabomu ya kutupa kwa mkono na baruti za kuvunjia milango.)

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Raqqa, Syria. Mwaka 2017 kikosi cha mizinga cha askari wa Marine wa Marekani kilipelekwa huko kuwapiga Daesh. Aliyekuwa sajenti meja mkuu wa majeshi yao, John Wayne Troxell, alisema mwaka uliofuata kwamba kikosi kile kilipiga makombora 35,000 kwa miezi mitano, mpaka mizinga miwili ikaungua mitutu. Aliyasema kwa fahari. Adui alikuwa mbali, na wengi wa wapigaji wale hawakuwahi kumwona. Walirudi nyumbani bila jeraha. Kisha wakaanza kuamka usiku wakipiga kelele, kuona vitu visivyokuwepo, kusahau, kugombana, na wengine kujiua. Gazeti la New York Times lilifuatilia habari zao na kuziandika mwaka 2023. Madaktari wengi walikuwa wamewaandikia kiwewe cha vita au maradhi ya akili, jambo lililowashangaza wenyewe, maana vita yenyewe waliisikia kwenye redio ya upepo tu. Mitutu miwili ilijulikana imeungua. Idadi ya makombora ilikuwepo, tarehe zilikuwepo.

Kwa nini hospitali hazikuona kitu? Kwa sababu vipimo vya kawaida vya picha, hata MRI, havioni. Mwaka 2016 Profesa Daniel Perl, wa chuo cha tiba cha majeshi ya Marekani kilichoko Bethesda, alichapisha na wenzake katika jarida la Lancet Neurology walichokiona chini ya hadubini kwenye bongo za wanajeshi wanane waliofariki baada ya kupatwa na milipuko. Walikuta makovu madogo pale ambapo tabaka la kijivu la ubongo linakutana na lile jeupe, kandokando ya mishipa ya damu, na pembeni mwa mashimo yenye majimaji. Ni mahali ambapo vitu vyenye uzito tofauti vinagusana, na wimbi likipita kila kimoja kinatikisika kwa namna yake. Kwa waliowahi kugonga vichwa kwenye ajali za kiraia, makovu ya mpangilio huo hawakuyakuta. Walikuwa watu wachache, na wenyewe walikiri. Ila tangu hapo kusema "picha iko safi, huna tatizo" kumekuwa kauli ya haraka mno.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kwenye Lancet kuhusu askari waliopoteza kuona, kunusa, kuonja na kumbukumbu baada ya makombora kupasuka karibu nao. Wakuu wakagawanyika kama ni ugonjwa au ni uoga. Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe kwa utoro, uoga na makosa ya namna hiyo, na mwaka 2006 serikali yao ikawasamehe 306 kati yao, wote wakiwa makaburini. Ni lini hasa wangepaswa kujua, hilo nawaachia wanahistoria. Sisi tumeshajua.

Nakiri kwamba sayansi bado ina mapengo. Oktoba 2023 mwanajeshi wa akiba aliua watu 18 mjini Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Alikuwa mkufunzi wa mabomu ya kutupa kwa mkono kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Boston kiliuchunguza ubongo wake kikakuta nyuzi za ndani zimeharibika, na watafiti haohao wakasema hawawezi kutamka kwamba ndiyo sababu ya alichokifanya. Nimekitaja kisa hiki kwa shingo upande, kwa sababu mpiga mizinga mwenye shida ya ubongo mara nyingi anaumia yeye na nyumba yake, na sitaki jirani aanze kumwogopa. Nilichokichukua pale ni neno mkufunzi. Kuruta anatupa mabomu yake machache na kuondoka. Mkufunzi anabaki palepale, kundi baada ya kundi, mwaka baada ya mwaka, na huyo ndiye tunayemwita mzoefu.

Agosti 2024, aliyekuwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Kathleen Hicks, alisaini waraka unaotaka makuruta wapimwe uwezo wa akili kabla hawajaanza kazi ya milipuko, wasiohitajika wasogezwe mbali na silaha inapopigwa, na msukumo wa pauni 4 kwa inchi ya mraba uwe alama ya kuchukua hadhari. Fundi wa tairi akisikia namba hiyo atacheka, maana gari dogo linajazwa upepo wa 30. Lakini tairi linajazwa taratibu.

Mheshimiwa, sikuombi mashine. Naomba kaunta buku. Kila mpigaji wa silaha nzito awe na ukurasa wake: tarehe, silaha, mapigo mangapi, alisimama wapi, alijisikiaje jioni. Karani wa kombania anayehesabu maganda anaweza kuandika na hilo kabla hajafunga ghala. Likiwa siri, likae kabatini kambini na lifuate faili la mtu anapohama. Wakufunzi waanze wao. Ukurasa ukijaa kwa kiwango ambacho madaktari wa jeshi watakiweka, mtu apumzishwe kwenye kazi nyingine bila kupunguziwa cheo wala posho, la sivyo hakuna atakayeandika ukweli. Namjua askari: ataficha kizunguzungu miaka mitano ili jina lake lisitolewe kwenye kozi.

Na kipimo cha kumbukumbu na wepesi wa akili kifanyike siku anapoingia, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Kiandaliwe kwa Kiswahili. Kijana wa Nanyumbu akipimwa kumbukumbu kwa maneno ya Kiingereza, utakuwa umempima Kiingereza. Tunao wataalamu wa saikolojia na wa lugha wanaoweza kukaa meza moja na madaktari wa hospitali ya jeshi ya Lugalo wakakitengeneza.

Wapiganaji wetu wamepiga mota na mizinga Kibati, kaskazini mwa Goma nchini Kongo, Agosti 2013 walipokuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyowaondoa waasi wa M23. Wengi wao sasa wana miaka 35, 40, na bado wako kazini. Hao hawajachelewa. Kwa wazee wa Kagera ninaomba kidogo zaidi. Wakifika kliniki wakilalamikia usingizi, hasira au usahaulifu, daktari awaulize swali moja kabla ya kuandika dawa: ulikuwa unapiga silaha gani, na kwa miaka mingapi?

Nilimnunulia mzee kaunta buku ya kurasa 96, nikamchorea mistari. Alikaa nayo barazani siku tatu, miwani puani. Ameandika Mutukula, Masaka, Lukaya, kwa hati yake nzuri ya shule ya misheni, kila mji na silaha aliyokuwa nayo. Kwenye safu ya idadi, mbele ya Mutukula ameandika "nyingi". Mbele ya Masaka, "nyingi sana". Mbele ya Lukaya hakuandika kitu. Nilipomuuliza alisema hapo bado anakumbuka, nisimharakishe.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mpiga mizinga mstaafu,
Morogoro.