Maongezi ya Nyumbani: Maji ya Moto na Mlima Wetu

Juma hili twataka kuongea nanyi juu ya kazi moja ndogo ifanywayo kila siku katika kila nyumba ya Mulongwe, kazi ambayo kwa udogo wake hakuna aihesabuye. Ndiyo kazi ya kupasha maji moto. Kabla jua halijapanda juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, mbabula zimekwisha kuwashwa uani: maji ya kumwogeshea mtoto, maji ya mzee mwenye maumivu ya viungo, maji ya mama aliyejifungua, maji ya chai, na maji ya kuchemshwa ili yanyweke. Fedha ya unga na ya samaki twaijua. Lakini fedha ya moto ulio chini ya sufuria ya maji, ni nani aijuaye?

Basi na tuitafute pamoja. Makaa ya miti, ambayo sisi hapa huyaita makala, hayaanzi sokoni. Huanza na mti uliosimama. Katika tanuru la udongo la kienyeji, kilo moja ya makala huhitaji kilo 6 za kuni, na mara nyingine hata kilo 10, kwa kuwa sehemu kubwa ya mti hupotea kuwa moshi. Kwa hiyo amwagaye kilo moja ya makala katika mbabula ameweka humo tawi zima, ijapokuwa mkononi laonekana ni vipande vichache tu.

Na sisi wa Mulongwe tuna sababu yetu wenyewe ya kulifikiri jambo hili. Mto uliotupa jina hushuka kwa kasi kutoka milima ya Mitumba iliyo mgongoni mwetu, na kupita kati ya nyumba zetu hadi ziwani. Katika mwezi wa Aprili mwaka 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, ukaleta matope na mawe, ukabomoa nyumba maelfu na kuwaua makumi ya watu wa mji wa Uvira. Hatusemi kwamba makala peke yake ndiyo yaliyoleta msiba ule. Mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi, na nyumba zilikuwa zimejengwa karibu mno na maji. Lakini kila mkulima ajua ya kuwa mteremko wenye miti hunywa mvua polepole, na mteremko ulio uchi huitema yote kwa mara moja. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Nasi twaongeza: gogo likiisha, mlima hufuata.

Sasa ninyi vijana wa shule, chukueni kalamu, maana hapa pana hesabu nzuri. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja kwahitaji kalori kubwa moja. Maji ya bombani mwetu tuseme yana digrii 25, nayo hapa Uvira, kwa sababu ya urefu wetu juu ya bahari, huchemka yapata digrii 97. Tofauti ni 72. Kwa hiyo lita 10 zikichemshwa zitakula kalori 720. Lakini maji ya kuoga hayahitaji digrii 97! Mwili wa mtu watosheka na digrii 40. Kufikisha lita 10 penye digrii 40 kwahitaji kalori 150 tu. Achemshaye ndoo nzima, kisha akangoja ipoe, amelipia moto mara tano karibu, na sehemu nne ameupa upepo.

Afanyeje basi? Achemshe lita 2 tu, azichanganye na lita 8 za maji baridi. Atapata lita 10 zenye joto la digrii 39 na kitu, ndiyo joto la kuogea. Ila atie maji baridi kwanza katika beseni, ndipo atie ya moto, ajaribu kwa kiwiko, halafu amtie mtoto. Wapo watoto walioungua vibaya kwa sababu maji ya moto yalitangulia, na mama akageuka kidogo kutafuta ya baridi.

Tuendelee na hesabu. Kilo moja ya makala ina kalori kubwa yapata 7,000, lakini mbabula ya bati iliyo wazi hufikisha ndani ya sufuria sehemu moja tu katika tano, yaani 1,400. Nyumba itumiayo lita 30 za maji ya kuoga kila siku, ikizichemsha zote, itateketeza kilo moja na nusu ya makala. Ikichemsha lita 6 na kuchanganya, haitafikisha hata theluthi moja ya kilo. Faida ni zaidi ya kilo moja kila siku, na katika mwezi kilo 35 hivi. Akina mama wajua bei ya makala kuliko sisi. Wapige hesabu wenyewe, waone kama faida hiyo haitoshi kumnunulia mtoto daftari na kalamu.

Jambo la pili ni mfuniko. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwahitaji kalori 540, yaani mara saba na zaidi ya zile zilizoyaleta maji hayo kwenye kuchemka. Mvuke upandao kutoka katika sufuria isiyofunikwa ni makala yarukayo angani mbele ya macho yetu. Mfuniko si pambo la sufuria.

La tatu lahusu maji ya kunywa, na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Uvira ni mji uliozoea kupatwa na kipindupindu, na mtu asije akasema kwamba gazeti limemwambia aache kuchemsha maji. Hasha! Twasema hivi tu: maji yakishachemka kwa nguvu, yakipiga mapovu makubwa, dakika moja yatosha mahali penye urefu kama wetu. Wako wayaachao yatokote nusu saa nzima wakidhani wanaongeza usalama. Hawaongezi ila moshi. Kisha maji hayo yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko. Tena iko njia isiyotaka moto kabisa: chupa ya plastiki nyeupe ya kuonea, isiyozidi lita 2, ijazwe maji maangavu yasiyo na matope, ilazwe juani saa sita nzima, au siku mbili kama mawingu ni mengi. Mionzi ya jua huua vijidudu. Na dawa ya klorini, ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa, nayo yafanya kazi hiyo.

La nne ni jiko lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya waliunda jiko la bati lenye bakuli la udongo uliochomwa ndani yake. Udongo ule huzuia joto lisitoke ubavuni, nalo jiko hutia katika sufuria robo ya joto la makala au zaidi. Huku kwetu Kongo ya Mashariki, majiko ya namna hiyo yameuzwa Goma kwa jina la Jiko Nguvu. Lina bei kubwa kuliko mbabula ya bati, ni kweli. Lakini mbabula hununuliwa mara moja, na makala hununuliwa kila siku. Aangaliaye bei ya jiko peke yake amesahau kuangalia chakula chake. Nalo jiko lolote la makala, zuri au baya, lisilazwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini.

La tano ni jua, nalo halina muuzaji. Bidoni nyeusi iliyojazwa maji, ikalazwa juu ya bati mahali pasipo upepo, hutoa maji ya uvuguvugu yafaayo kuoga bila kipande kimoja cha makala. Lakini tukumbuke mahali tulipo. Milima iko upande wa magharibi yetu, na jua hutuaga mapema alasiri. Basi bidoni itolewe asubuhi, ielekee ziwani, na maji yatumiwe kabla ya jioni, au yafunikwe kwa blanketi kuukuu yasipoe. Maji hayo ni ya kuoga na kufulia. Si ya kunywa.

Kwa nyumba yenye uwezo, au kwa shule, zahanati na nyumba ya wageni, chombo kamili cha kupashia maji kwa jua chafaa sana. Kina mabomba meusi chini ya kioo, na pipa lililofungwa vizuri lisipoteze joto, limewekwa juu ya mabomba. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, yakapanda yenyewe katika pipa, na yaliyo baridi yakashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna injini wala pampu. Katika nchi zetu za maziwa, meta moja ya mraba yaweza kuwapa maji lita 100 nyongeza ya digrii 20 hivi kwa siku ya jua zuri. Jirani zetu hawakulala: mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni za kuzitaka nyumba zitumiazo zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku zitumie jua, na Rwanda katika miaka ya 2010 ilianzisha mpango wa kuwasaidia wenye nyumba kununua vyombo hivyo.

Tusiusahau umeme, wenye kuupata. Mto Ruzizi umetufanyia kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na bwawa la pili likaongezwa mwaka 1989. Birika la umeme lenye kufungwa hupoteza joto kidogo sana. Lita 6 za mfano wetu zahitaji nusu ya kilowati-saa na kidogo. Lakini ule waya wa kuchemshia utumbukizwao katika ndoo ni hatari kubwa. Umewaua wengi waliotia mkono majini kabla ya kuuchomoa ukutani. Asiye na birika jema afadhali abaki na jiko lake.

Labda mtu atauliza: je, wachoma makala na wachuuzi wake, wenye watoto kama sisi, wale nini? Swali hili ni la haki. Twajibu kwamba hatutaki makala yakome kesho. Kivu ya Kaskazini ilianzishwa kazi iitwayo EcoMakala mwaka 2007, ambamo wakulima hupanda miti yao wenyewe ya makala badala ya kukata ile ya mbuga ya Virunga. Mtu apandaye ana kazi leo na mwakani pia. Akataye tu atafika siku ambayo hana cha kukata.

Twamaliza kwa ombi moja kwa kila nyumba. Juma hili pimeni makala mnayotumia kwa maji peke yake, kwa kopo lile lile kila siku, na kijana wa shule aandike hesabu. Juma lijalo funikeni sufuria, changanyeni maji ya kuoga, toeni bidoni juani asubuhi. Kisha linganisheni makopo. Baba na mama wakae na watoto mbele ya hesabu hiyo, waamue pamoja faida iende wapi. Hadi juma lijalo, kwaherini.