Erik Buell na injini za watu

Wapenzi wa pikipiki za Kimarekani wana msiba wasioumaliza. Ulianza tarehe 15 Oktoba 2009, Harley-Davidson ilipotangaza kuifunga kampuni ya Buell. Wakiusimulia, mkosaji ni mmoja tu: shirika kubwa lililomnyonga mbunifu. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Tanga, nimechomelea fremu hadi macho yamechoka, na hadithi hiyo hainiingii yote. Harley ina lawama zake, lakini kamba ilikuwa imeshafungwa miaka mingi kabla, na Erik Buell mwenyewe alishika ncha moja.

Niseme mapema kwamba sijawahi kupanda Buell. Huku kwetu haziji. Nimezisoma kwa picha na michoro, na nikazipenda kwa sababu mtu aliyezichora anajua spana. Buell alizaliwa mwaka 1950 huko Pittsburgh. Mchana alikuwa fundi wa pikipiki, usiku anasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mpaka akahitimu mwaka 1979 na kuingia Harley. Huko alishiriki kutengeneza fremu ya FXR, mojawapo ya Harley chache ambazo hata wasioipenda Harley huzisifu kwenye kona.

Alikuwa na kiu ya mashindano. Mapema miaka ya 1980 alinunua injini ya Barton kutoka Uingereza, ya silinda nne, cc 750, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Ilikuwa inavunjika vunjika, naye akairekebisha kipande kwa kipande. Barton walipofilisika, akanunua kila kitu: injini zilizobaki, spea, michoro, haki zote. Pikipiki iliyotoka humo, RW750, kwenye majaribio ya Talladega ilipita kilomita 280 kwa saa. Kisha chama cha mbio cha Marekani, AMA, kikaamua kulifuta daraja la Formula 1, ambalo ndilo pekee iliyofaa kukimbia. Mara moja katika ujana wake alimiliki injini, na wakubwa wakafuta mashindano yake.

Baada ya hapo, akiwa ameshaacha kazi Harley, alirudi kwa mwajiri wake huyo wa zamani kuomba injini. Alipata za pikipiki ya Harley XR1000 zilizokuwa zimebaki bila kazi, akajenga RR1000, pikipiki 50 tu, katika karakana ndogo Wisconsin. Injini ya Harley ni silinda mbili kubwa zilizopanuka kama herufi V, inapozwa kwa upepo, nzito, na ikinguruma inatikisa kila kilichoishikilia. Mhandisi mwingine angeifunga kwa chuma kinene. Buell aliifunga kwa mipira na vyuma vya kuielekeza, injini ikaruhusiwa kutikisika upande mmoja tu, ule usiomsumbua dereva wala kuipindisha fremu. Ubaya wa injini aliugeuza swali la uhandisi, na jibu lake ndilo lililomfanya ajulikane.

Kazi yake bora kwangu ni XB9R Firebolt, ya mwaka wa mauzo 2002. Petroli, kama lita 14, inakaa ndani ya fremu, kwenye mihimili minene ya alumini. Palipo na tanki kwenye pikipiki nyingine, pale kuna boksi la kichujio cha hewa. Oili ya injini iko ndani ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Ekzosi imelala chini ya injini. Kila kizito kimevutwa katikati na chini, ili pikipiki igeuke upesi. Niliwaonyesha vijana wa gereji picha yake, mmoja akauliza fremu ikipasuka utaichomeleaje na petroli imo ndani. Swali hilo sikuwa na haraka ya kulijibu.

Breki ya mbele ndiyo iliyonishika zaidi. Diski kwa kawaida hufungwa katikati, kwenye habu, hivyo nguvu yote ya kusimamisha inapita kwenye spoku kabla ya kufika kwenye tairi, na spoku lazima ziwe imara kuibeba. Buell aliifunga diski pembezoni, kwenye rimu yenyewe. Spoku zikabaki na kazi ya kubeba uzito, zikapunguzwa unene, gurudumu likawa jepesi, na gurudumu jepesi hufuata mashimo ya barabara badala ya kuyarukia. Diski moja ya milimita 375 ilifanya kazi ambayo wenzake waliigawa kwa mbili. Wapo wanaoicheka hadi leo. Mimi naona waliokosa akili ni wanaocheka.

Lakini ndani ya maajabu yote hayo iliketi injini ya Harley, cc 984, ikishindana na Wajapani waliokuwa na injini za kupozwa kwa maji zenye nguvu kupita kiasi. Wakati huo Harley ilikuwa haimpi injini tu. Mwaka 1993 ilichukua asilimia 49 ya kampuni, mwaka 1998 ikachukua karibu yote. Wanaomlilia husahau kwamba bila fedha hiyo na maduka ya Harley angebaki karakanani akiunda pikipiki 50 kwa zamu. Aliuza zaidi ya 136,000. Bei yake ilikuwa kwamba maamuzi hayakuwa yake tena.

Injini ya kisasa aliipata mwaka 2007 tu, kwenye pikipiki ya 1125R, nayo ilitengenezwa na Rotax wa Austria. Tena injini ya watu, ila safari hii ya watu wanaojua mbio. Mwaka 2009 mwanambio Danny Eslick aliitumia 1125R kutwaa ubingwa wa Daytona SportBike wa AMA. Mwaka huohuo uchumi ulikuwa umeanguka, Harley ikaamua kubaki na jina lake moja, ikatangaza kuifunga Buell na kuiuza kampuni ya MV Agusta iliyoinunua mwaka mmoja tu nyuma.

Buell akaanza upya na kampuni ya Erik Buell Racing. Hapa ndipo hadithi inapotufikia, kwa sababu mwaka 2013 Hero ya India, hizo Hero tunazoziona zikibeba abiria barabarani kwetu, ilinunua asilimia 49.2 kwa dola milioni 25. Hero ilikuwa imeachana na Honda, ikataka wahandisi. Walichora pamoja HX250R, ikaonyeshwa karibu na Delhi mwaka 2014, haikufika dukani. Aprili 2015 kampuni ikafunga milango. Hero ikachukua kitengo cha wahandisi, mabaki yakauzwa kwa watu wa Michigan. Watu hao leo wanauza pikipiki zenye jina la Buell, naye hayumo. Yeye alihamia kwenye vyombo vya umeme, na kampuni ya Fuell, na mwaka 2024 nayo ikafilisika.

Mara nne, basi, ameanguka. Siwezi kumwita mwenye bahati mbaya, maana bahati haimfuati mtu kwa mpangilio hivyo. Alikuwa mwerevu wa chuma na mzembe wa mikataba, na mara nyingi aliyeleta injini au fedha ndiye aliyebaki na ufunguo.

Hata hivyo, ningepewa kuchagua moja, ningechukua XB9 na si 1125R, ingawa ya Rotax ina mbio zaidi. Sababu ni ya kifundi na inanipinga mwenyewe: kampuni iliyoiunda imekufa tangu 2009, lakini injini ile iliyomkwamisha Buell ni ya ukoo wa Sportster ya Harley, na fundi yeyote aliyezoea Harley akiifungua atajua pa kuanzia.