Hewa Tunayoivuta ni Amana



Katika neema ambazo mwanadamu huzitumia bila kuzihesabu, hewa ndiyo ya mwanzo. Chakula twaweza kukikosa kwa siku kadhaa. Hewa ikikatika kwa dakika chache tu, uhai hutoweka. Leo tumeona vyema tukumbushane hewa hiyo ina nini, na sisi wenyewe tunaitia nini.

Wataalamu wanatufahamisha kuwa katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na iliyobakia takriban yote ni gesi ya agoni. Kaboni dayoksaidi ni kama 0.04 tu. Kisha upo mvuke wa maji, na chembechembe za vumbi, chumvi ya bahari na moshi.

Mtu asikidharau kilicho kidogo, kwani kidogo ndicho kinachoua majumbani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala huenda asiamke tena. Ni familia ngapi zimepata msiba kwa sababu jiko liliingizwa chumbani ili watoto wasipate baridi?

Moshi wa kuni nao hubeba chembe ambazo unene wa unywele huzizidi mara 30 hivi. Hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wanaoumia zaidi ni akina mama walioko jikoni, na wachanga waliowabeba mgongoni.

Hata udi na ubani tunaoupenda, moshi wake una chembe hizo. Hatusemi chetezo kiachwe. Tunasema dirisha lifunguliwe, na mwenye pumu asikalishwe karibu.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini mapafu ya watoto wetu hayangoji mwaka huo. Baba mwenye uwezo wa kubadilisha simu, huku mkewe akipuliza kuni mbichi, na ajiulize kipi kilistahiki kutangulizwa. Asiye na uwezo, basi apikie mahali penye upepo, na jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likiwa limefunikwa jivu.

Kuilinda hewa ya nyumba ni kuzilinda nafsi tulizokabidhiwa.

Wabillahi tawfiq.