Kitabu cha bustani kinachosubiri barafu iyeyuke

Kimya kingi, najua, ilikuwa wiki ya test. Leo nina la moyoni kuhusu vitabu vya bustani. Msicheke, kuna hela za watu humu ndani.

Jamaa mmoja wa hapa hosteli, mama yake kastaafu na kiinua mgongo anataka kukiweka kwenye kitunguu. Jamaa kapakua kitabu cha Kiingereza, picha kibao, kakiprinti ampelekee. Nikakifungua. Panda mwezi wa nne, barafu ya mwisho ikishayeyuka. Chagua ukuta unaotazama kusini. Sasa jamani, mwezi wa nne Pwani masika inamwagika mpaka vyura wanaomba po, barafu iko wapi?

Hilo la barafu angalau linachekesha, kila mtu ataliruka. Kinachoniuma ni yale yasiyoonekana. Kitunguu hakivimbi kwa umri tu, kinafuata saa za mwanga. Aina nyingi zinazosifiwa kwenye vitabu vya Ulaya zinangoja mchana wa saa 14 mpaka 16. Dar mchana mrefu kuliko yote, Desemba, haufiki hata saa 13. Ukipanda mbegu ile utapata majani mazuri ya kupigia picha, na chini shingo nene isiyo na kitunguu. Miezi ya maji, mbolea na vibarua imekwenda hivyo. Na kitabu hakijasema uongo hata mstari mmoja, ila kiliandikiwa watu wengine. Kwetu ni zile za mchana mfupi, Red Creole, Bombay Red na ndugu zao.

Utaambiwa basi tafuta kilichoandikwa "tropiki". Hapo ndipo napotofautiana na wengi. Dar na Lushoto zote ziko tropiki! Lakini Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi. Kule juu nyanya inasumbuliwa na bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ubaridi na unyevu. Huku Pwani inanyauka kwa bakteria wa kwenye udongo, na usiku ukiwa wa joto sana maua yanapukutika bila kushika tunda. Mvua nazo, Mbeya wana msimu mmoja mrefu, Tanga wana vuli na masika. Kitabu kisichosema kinaongelea kimo gani na mvua za namna gani mimi nakirudisha kwenye shelfu, hata kama jalada lina mnazi.

Halafu angalia mwaka. Vya zamani vya huku huku vipo, Gardening in East Africa aliyoihariri Jex-Blake ilitoka 1934, na Vegetables in the Tropics ya Tindall ni ya 1983. Kwenye tabia ya mmea, udongo, nafasi ya kupandia, vya namna hii bado naviamini kuliko video nyingi. Kwenye wadudu na dawa, hapana. Kantangaze, yule anayechimba majani na matunda ya nyanya, alibainika nchini 2014. Na endosulfan, ambayo zamani ilikuwa dawa ya kawaida tu ya shambani, iliingizwa 2011 kwenye Mkataba wa Stockholm ili iondolewe duniani. Mtu akifuata kitabu cha zamani neno kwa neno anaweza kulisha familia sumu.

Na mboga zetu je? Mchicha kwenye vitabu vya wenzetu mara nyingi ni gugu. Mnafu wanakuonya ni sumu. Mgagani ndio kabisa, hawana habari nao. Ndiyo maana naipenda PROTA, juzuu la mboga la 2004 la Grubben na Denton, limezipa mboga za Afrika heshima ile ile ya kabichi. Kwa miti kuna Useful Trees and Shrubs for Tanzania, ya Mbuya na wenzake, 1994, ina majina ya miti kwa lugha za makabila, kwa hiyo hata bibi yako anaweza kukukosoa. Arusha kuna World Vegetable Center, na TARI Tengeru ndipo ilipotoka nyanya ya Tengeru 97. Hawa mbegu wamezijaribu kwenye udongo wa huku.

Sasa kero yangu kubwa, karibu vyote hivi ni Kiingereza, na wanaolima wengi wanasoma Kiswahili. Sisi tuko hapa miaka mitatu minne tunaandika ripoti za kuozea kabatini. Kila mmoja akichukua zao moja, akaandika kurasa mbili za Kiswahili zenye kimo, mwezi wa kupanda, jina la mbegu na mwaka alioandika, tungekuwa mbali. Mimi nimeshaanza ya kitunguu, nimekwama kwenye jedwali la nafasi. Mwenye nakala ya Tindall isiyonyofolewa kurasa aniazime siku mbili, fotokopi nalipa mwenyewe.